Wanga

Bibi alinikataza kulitaja neno hilo baada ya jua kuzama.
Wanga, kwake, ni wale wazungukao nyumba uchi usiku,
majivu kiganjani, wakihesabu waliolala.
Mwalimu Mwankenja akaliandika ubaoni saa nne asubuhi,
kwa chaki, herufi kubwa,
akasema umo ndani ya kiazi.

Tukacheka. Gwantwa akajiziba mdomo.
Nje, ukungu wa Rungwe ulikuwa umeshuka hadi dirishani,
nao ukachungulia.

Mezani: kiazi cha Isyonje, udongo mweusi bado machoni mwake,
ndizi iliyoiva hadi ngozi ikaingia madoa,
parachichi, maharage yaliyolala majini tangu jana,
na maziwa yangu
kwenye chupa iliyowahi kuwa ya dawa ya kikohozi.

"Kila sampuli, kila kipimo," alisema.
"Msichague. Chakula hakijibu ulichopanga kusikia."

Tone la iodini, rangi ya chai kavu,
likaangukia kiazi. Likawa buluu,
kisha usiku wa manane.
Lugano akanong'ona: amekamatwa mmoja.

Ndizi tuliiponda, tukaitia myeyusho wa Benedikti,
tukaitumbukiza neli kwenye sufuria ya jikoni iliyokuwa ikitokota,
maana bika ilipasuka muhula uliopita.
Buluu ikawa kijani, kijani kikawa njano,
njano ikasitasita,
ikatulia kwenye rangi ya tofali lililoiva tanuruni.

Parachichi halikutaka moto wala dawa.
Ulisugue kwenye karatasi ya daftari, uiinue kwenye mwanga:
doa linabaki, nawe unaona vivuli vya upande wa pili.

Maharage yakatoa zambarau hafifu,
ile ya maua ya viazi.
Maziwa yangu yakatoa zambarau pia, nikajivuna:
protini ya Twiga, ng'ombe wetu pekee.

Kisha nikakumbuka. Kila sampuli, kila kipimo.
Tone moja.
Nilingoja njano.

Ikaja buluu.

Mwalimu akainama. Akaitazama chupa,
akanitazama mimi kidogo, akairudia chupa.
"Dropa haikuoshwa," alisema, kwa sauti ya kutosha darasa zima.
Dropa niliiosha mwenyewe mara tatu.
Daftarini akaniandikia kwa penseli, si kwa wino mwekundu:
*Rudia.*

Alfajiri ile nilisikia mwiko ukigonga sufuria kabla ya jogoo.
Nilidhani ni uji.
Uji haukufika mezani.
Ilikuwa Julai, majani mafupi, Twiga akitoa lita tatu kwa kubembelezwa,
na kituo cha maziwa kinalipa kwa lita,
na mchango wa maabara ni shilingi elfu nane kwa kila mwanafunzi,
na kwa mchango huo
ndipo ilinunuliwa iodini.

Jioni nilimkuta mama akisuuza ndoo.
Kidole changu kilikuwa na doa la kahawia lililokataa sabuni.
Akaliona.
"Mmepima nini leo?"
Nikamtajia kiazi. Ndizi. Parachichi. Maharage.
"Na maziwa?"
"Yana protini," nikasema.
Sikusema uongo.
Akaisuuza tena ndoo iliyokwisha takata.

Kutoka jikoni bibi akauliza
ni nani anayetaja wanga saa hizi.
Hakuna aliyekuwa ametaja kitu.

Jumatatu nilipobeba kidumu kwenda kituoni
kilikuwa chepesi, maziwa yakipigapiga kuta zake njia nzima,
na karani akaandika pungufu bila kuinua macho.
Nilikuwa nimebakiza kidogo kwenye chupa ya kikohozi.

Saa nne, tone likaanguka.
Likaelea, likatawanyika, likakaa njano.
Nikalisubiri hadi kengele.
Mwalimu hakusema neno, alinisogezea kalamu tu,
nami nikaandika jibu
kwa wino, juu ya penseli yake.